Sukari Guru Kwenye Tangi la Tingatinga

Sehemu ya Sita

Kama hukusoma ya wiki iliyopita, hukukosa la maana. Mume wangu Aldemar alihamia kwa Ofir, mwanamke anayepika kwenye kambi ya barabara. Alibeba redio, viatu vipya na mto wake wa kulalia. Kumbeba mama yake akasahau.

Mama huyo, Doña Zoraida, bado yuko kwangu. Anakula vyangu, anaota jua kwenye kiti cha baba yangu, na kila asubuhi ananikumbusha kwamba mwanawe alikimbia harufu ya dizeli.

Mimi ni Nubia, fundi wa mitambo ya barabara hapa San Ubaldo, milimani juu ya mji wa Pasto. Ufundi nilirithi kwa baba, na nyumba nilirithi kwa baba. Mume nilijitafutia mwenyewe, na mnaona nilichookota.

Aldemar ni dereva wa tingatinga. Mimi ndiye ninayelifanya likubali kuendeshwa. Barabara ikifunguliwa, anayepigwa picha ni yeye.

Sasa, Jumatatu tingatinga lilikuwa lipakiwe kwenye lori lipelekwe tambarare, huko Putumayo, likakae mwaka mzima. Aldemar angekwenda nalo, na Ofir angekwenda na Aldemar. Mwanamke huyo alikwisha kushona mapazia ya nyumba ambayo hajaiona. Nami nilikuwa nahesabu siku, si kwa uchungu, kwa hamu. Nilitaka mlima wote uwe kati yangu na wale wawili.

Alhamisi asubuhi, tingatinga likafa.

Lilifia kwenye mkato, barabara ilipochongwa mlimani juu ya mji, pale udongo unapoporomoka kila mvua ikinyesha. Nilipofika na kisanduku changu cha spana nilimkuta Aldemar amekaa juu ya mnyororo wa chuma unaotembeza tingatinga, anakula mkate wa mahindi. Don Braulio, mkandarasi wetu, alikuwa amesimama kando na kofia yake ngumu, nyeupe, haina hata doa. Kofia ile haijawahi kuona kazi.

"Limezimika," Aldemar akasema.

"Naona. Shuka."

"Wiki iliyopita si ulisema umelihudumia?"

"Nililihudumia. Nilibadilisha oili, nikapaka grisi kila mahali panapopakwa. Wewe je, hii minyororo umeisafisha lini?"

Matope yalikuwa yamekauka kwenye minyororo na roda zake, vile vigurudumu vya chuma vya ndani, kama saruji. Tangu tuoane namwambia mtu huyu: jioni chukua koleo, kwangua matope, dakika chache tu, roda zidumu. Huwa ananijibu kwamba yeye ni dereva, si mfagiaji. Si mfagiaji, kweli. Mfagiaji ana faida.

Nikafungua chujio la dizeli. Ndani palikuwa na uji wa kahawia, mzito, unanata. Nikaunusa. Nikaugusa kwa kidole, nikaonja, nikatema.

"Nini?" Don Braulio akauliza.

"Sukari guru. Mtu ameikwangua akaitia kwenye tangi."

Aldemar akaruka chini upesi kuliko alivyowahi kushuka kwa sababu ya kazi. "Umemsikia, bosi? Mimi nilikwambia. Mwanamke ukimwacha anakuwa nyoka. Hataki niende Putumayo."

Nilicheka. Sikuweza kujizuia.

"Aldemar, kama kungekuwa na njia ya kukufikisha Putumayo mapema, ningekubeba mgongoni. Bosi, nisikilize. Sukari haiyeyuki kwenye dizeli. Inakaa chini, inavutwa, inaziba chujio, injini inakosa chakula, basi. Nitaosha tangi, nitaweka machujio mapya, litaamka. Mimi ningetaka kuliua tingatinga hili ningetia konzi ya mchanga kwenye oili ya injini, na leo mngekuwa mnalisomea misa."

Don Braulio akapapasa kidevu. Ni mtu anayefikiri polepole, na akimaliza huwa hajafika popote.

"Kwa hiyo aliyefanya hivi hajui mitambo," akasema. "Ni mtu wa jikoni."

"Mimi nimesema habari za sukari. Jikoni umekwenda mwenyewe."

Lakini macho yake yalikwisha kuteremka mlimani hadi kwenye moshi wa jiko la kambi. Ya Aldemar nayo yakafuata.

"Mpishi ni wako, Aldemar," Don Braulio akasema.

Nikasubiri. Niseme ukweli, hapo nilimsubiri mume wangu kama mtu anavyosubiri gari analojua halipiti. Ofir hakuwa na sababu yoyote ya kuzuia safari ile. Mapazia yake yalikuwa yamekunjwa sandukuni. Hata mtoto mdogo angelisema hilo.

"Wangu kivipi, bosi?" Aldemar akasema. "Mimi nakula kwake kama wengine wanavyokula."

Mwanamume anayelala kitanda kimoja naye tangu Pasaka. Nakula kwake kama wengine.

Ningeweza kumtetea Ofir kwa neno moja. Nikainama nikaendelea kufungua nati.

*

Jioni nilimkuta Doña Zoraida mezani. Mbele yake kulikuwa na kikombe chake cha maji moto ya majani, leo machungu kama dawa.

"Leo hakuna sukari guru?" nikauliza.

"Imekwisha."

"Jumapili nilileta mabonge mawili."

"Mimi mzee. Napenda tamu."

Nikavuta kiti. Jana ilikuwa Jumatano, na kila Jumatano mama huyu hupanda mlimani na simbilisi wa kuchoma, yule mnyama mdogo tunayemfuga kwa kula, amefungwa kwenye kitambaa, ampelekee mwanawe, maana anaamini mpishi wa kambi anamlisha maganda. Aldemar akishiba hulala kivulini chini ya tingatinga. Hulala kama gogo. Mtu anaweza kumvua viatu.

"Ulipanda juu ya tingatinga, mama mkwe?"

"Nilipanda."

"Kwa miguu hiyo unayosema haifiki hata sokoni kuninunulia chumvi?"

"Mungu alinishika mkono."

Hakuona haya hata kidogo. Alikunywa maji yake machungu, akakunja uso, akasema, "Putumayo watu wanakufa kwa homa. Na yule mwanamke hajui hata kupika viazi. Mwanangu angerudi ndani ya sanduku."

"Ungemwambia asiende."

"Mwanamume haambiwi, Nubia. Ungelijua hilo ungekuwa na mume."

"Lawama wamemtwika Ofir. Kesho Don Braulio atamfukuza kambini."

"Basi Mungu alinishika mikono yote miwili."

Nikamwambia kwamba kesho, kabla ya kazi, nitakwenda kwa Don Braulio nimweleze kila kitu. Akaniangalia. Mama huyu hajawahi kuniangalia vizuri tangu siku ya harusi. Huniangalia kama mtu anayepita karibu na jalala. Jioni ile aliniangalia vizuri.

"Huendi," akasema. "Ungetaka kwenda ungekwisha kwenda. Una roho mbaya, mkazamwana. Ndiyo maana mimi na wewe tunaweza kuishi nyumba moja."

Nilimdharau kwa sukari. Nilimdharau zaidi kwa kuwa amesema kweli.

*

Ijumaa, kambini tulikolikokota tingatinga kwa greda, nilikuwa nimelala chali chini ya tangi, naliosha, dizeli inanichuruzikia mikononi hadi kwapani, ndipo walipomtoa Ofir.

Ni mwanamke mfupi, mnene kidogo, ana mikono yenye alama za kuungua mafuta. Alibeba sanduku moja na sufuria yake kubwa. Don Braulio alisimama mbele ya wafanyakazi wote akatoa hotuba juu ya uaminifu. Mtu ambaye hununua machujio bandia huko Pasto, halafu ananiuliza mimi kwa nini injini inakohoa.

Ofir hakumsikiliza. Alikuwa anamtazama Aldemar.

"Sema," akamwambia.

Aldemar alikuwa ameinama anachunguza gurudumu la greda. Gurudumu halikuwa na tatizo lolote. Nililijaza upepo mwenyewe.

"Aldemar, nakuambia sema. Mimi ningeharibu kwa nini safari yangu mwenyewe?"

"Mambo ya kazini yaache kazini, bibi," akasema, na hakuinua kichwa.

Bibi. Watu wakacheka chini chini.

Ofir akaweka sufuria chini, akaja hadi pale nilipolala. Niliona viatu vyake kwanza, halafu uso wake, umeinama.

"Wewe fundi. Wewe unajua si mimi."

Nilikuwa na kitambaa mkononi. Nilikuwa na ukweli mdomoni, mzima, haujatafunwa.

"Mimi najua vyuma," nikasema.

Alinitazama kidogo, akaitikia kwa kichwa, kana kwamba nimemwambia saa. Akachukua sufuria yake, akateremka.

Nami nikafanya kazi nzuri siku ile, ndiyo aibu yenyewe. Tangi lilitakata. Nikaweka machujio halisi niliyokuwa nimeyaficha kwa siku mbaya, nikatoa upepo kwenye mabomba, nasukuma pampu ya mkono, nalegeza nati, naangalia mapovu, nasukuma tena, mpaka dizeli ikatoka safi bila povu hata moja. Nikabonyeza kitufe. Likakohoa, likatoa moshi mweusi, likanguruma. Watu wakapiga makofi. Don Braulio akampa Aldemar mkono wa pongezi.

Jumamosi nilirudi nyumbani nikakuta mto wa kulalia juu ya meza yangu. Na mwenye mto alikuwa kwenye kiti cha baba, supu ya viazi mbele yake, mama yake anamwongezea nyama.

"Nimerudi," Aldemar akasema.

"Nani alikuita?"

"Nubia, usianze. Nimemwambia bosi Putumayo siendi. Ampeleke kijana mwingine. Mahali pangu ni hapa, kwa mke wangu wa kanisani."

"Ofir yuko wapi?"

"Nitajuaje? Nasikia kwa dada yake, nyuma ya duka la mikate." Akavunja mkate. "Yule mwanamke si mwaminifu. Bora nimemjua mapema."

Nilisimama pale na mikono yangu myeusi. Nilikuwa nimenyamaza siku mbili ili mpishi aondoke, na zawadi niliyopata kwa kunyamaza ndiyo hii, inakula supu. Mtu hutupa taka mtoni, na mto unapanda ngazi kuirudisha.

"Utalala stoo," nikasema. "Kwenye mabati, karibu na jeki."

"Atalala sebuleni," mama yake akasema. "Ana kifua."

"Kesho baada ya misa namwambia Don Braulio nani aliweka sukari."

Aldemar akaacha kutafuna. Akanitazama, akamtazama mama yake. Mama yake akafuta meza.

"Mwambie," Doña Zoraida akasema. "Atakuuliza kwa nini Ijumaa ulikuwa bubu."

Na Aldemar, wasomaji wangu, hakuuliza ni nani. Alielewa pale pale. Akainama akamaliza supu yake.

*

Jumapili nikamngoja Don Braulio kwenye ngazi za kanisa. Alitoka na mkewe, amejipaka manukato, nikamvuta pembeni.

"Bosi, sukari si ya Ofir. Ni mama mkwe wangu, hakutaka mwanawe aende Putumayo. Nilijua tangu Alhamisi jioni, nikanyamaza. Ndiyo hivyo."

Nilitegemea anifokee. Nilikuwa nimejiandaa kufokewa, hata nilitaka.

"Sawa," akasema.

"Sawa nini?"

"Nubia, mambo yamekwisha. Mtambo unafanya kazi, na mpishi mwingine anaanza kesho. Shemeji yangu. Alikuwa anataka ile nafasi siku nyingi." Akanipiga begani kidogo, kisha akaangalia mkono wake kama una grisi. "Usipende kuchokonoa."

Ukweli wangu niliouficha kama kito, nimeupeleka sokoni, na hakuna aliyeutaka hata bure.

Nilikuwa nimekwisha kugeuka niondoke niliposikia mngurumo. Kila mtambo una kikohozi chake, na kile nilikuwa nimekitibu mwenyewe Ijumaa. Kilikuwa kinatoka upande wa karakana, tingatinga lilikolazwa kusubiri lori la kesho. Kilikuwa kinakuja.

Tingatinga likakunja kona kwenye duka la mikate. Bamba la mbele lilikuwa limeinuliwa juu, na minyororo ilikuwa inang'oa mawe ya barabara moja moja. Kwenye kiti alikaa Ofir, gauni la kanisani, nywele amezisuka vizuri.

Watu waliotoka misani wakasogea ukutani, wakashika watoto wao, na wakabaki kutazama. San Ubaldo watu hawakimbii kitu kabla hawajakiona vizuri.

"Nani amempa ruhusa?" Don Braulio akasema. Alipiga hatua mbili kuingia barabarani, mkono juu, kama askari wa usalama. Tingatinga halikupunguza mwendo. Akarudi hatua tatu, akasimama nyuma ya mkewe.

Nikalifuata. Kwa gia ya kwanza lile dude linakwenda kama mtu anayetoka mazishini. Nililifikia bila kukimbia. Nikatembea upande wa nyuma, mbali kidogo na mnyororo, ninapojua hapadhuru.

"Ofir. Unakwenda wapi?"

"Kwako."

"Ile nyumba si ya Aldemar. Ni ya baba yangu."

"Najua. Ndiyo maana nakuja polepole, upate muda wa kutoa vyombo."

Alisema bila hasira. Alikuwa anatazama mbele, mikono yote miwili kwenye nyenzo, amejiweka sawa kama mtu aliyezaliwa pale.

"Nani alikufundisha kuendesha?"

"Yeye. Wakati ananitaka, jioni, kule mkatoni. Alikuwa anajisifu." Akavuta wenzo mmoja, tingatinga likaingia mtaa wetu na kuparua kona ya ukuta wa jirani. "Kusimamisha ndiko sikukuelewa vizuri."

Chini ya tangi, upande wa nyuma, kuna koki ya dizeli. Niliibadilisha mimi. Ukiifunga, injini inakunywa kilichobaki kwenye mabomba, inatapatapa, inazimika. Nikanyoosha mkono nikaishika. Ilikuwa bado haijapata moto.

Nyumba ikaonekana. Dirisha la sebuleni lilikuwa wazi, na Aldemar amesimama pale na fulana, anatafuna. Alituona. Alituona vizuri, tingatinga, Ofir na mimi, na nikamwona akihesabu kichwani mwake tuko mbali kiasi gani. Kichwa kikatoweka dirishani. Mara mlango wa uani ukafunguka, akatoka peku, akaruka ua wa kuku, akashika njia ya mlimani.

Alitoka peke yake. Mlango wa mbele ulibaki umefungwa. Doña Zoraida haendi misa ya pili. Yeye huenda ile ya alfajiri, akirudi hula, na saa kama hizi huwa amelala usingizi mzito, sikio lake moja linalosikia limelalia mto.

Hata kumgongea ukuta mama yake, yule mtu hakumgongea.

"Unamwona?" nikamwambia Ofir.

"Namwona." Hakugeuza kichwa. "Basi niambie jambo moja, fundi. Ijumaa ulisema unajua vyuma tu. Leo umejua zaidi?"

"Nimejua."

"Nani aliweka sukari?"

Kidole changu kilikuwa kwenye koki. Robo mzunguko tu. Nyumba ilikuwa mbele yetu kiasi cha kutupa jiwe, na ukuta wa kwanza tutakaoufikia baba aliujenga kwa mikono yake mwaka niliozaliwa.

"Mama yake," nikasema.

Ofir akaitikia kwa kichwa, vilevile kama Ijumaa. Akasukuma wenzo. Bamba la mbele likashuka taratibu, likagusa mawe, likaanza kulia.

"Na yule bibi," akaniuliza, "analala chumba gani?"